Nilipohamia Benchi la Waliotengwa

Dada yangu, kama unasomewa maneno haya, au unajisomea mwenyewe huku umekalia kitambaa ulichokikunja-kunja, basi nakujua bila kukuona. Najua umekaa pembeni. Najua umechagua upande ambao upepo unakupita wewe ukitoka kwa watu, si upande unaokupita wewe kwanza kisha watu. Najua leo umekunywa maji kidogo sana, kwa kudhani ukinywa kidogo utavuja kidogo. Mimi nilifanya hivyo kiangazi kizima, na nilichopata ni mkojo mkali uliochubua mapaja na kunuka maradufu. Kunywa maji. Hilo ndilo la kwanza, na kama huna nguvu ya kusikiliza mengine, hilo linakutosha kwa leo.

Mimi sasa ni mkavu. Nasema mapema ili usisome kwa hofu. Naishi huku Geita na mume wangu, tulikohamia na ng'ombe wetu misitu ya mbung'o ilipofyekwa, na nikiinuka kwenye kigoda cha mtu sigeuki tena kuangalia nimeacha nini. Lakini aibu haikukauka siku ile mwili ulipokauka. Hata haya naandika nikiwa nimefunga mlango, mama mzima, kama mtoto anayelamba sukari ya wizi.

Wakati ule nyumbani kwetu kulikuwa upande wa Songwa, nchi ya pamba na vumbi. Mume wangu, Petro, alifanya kazi kwenye mgodi wa dhahabu huku Geita, akija nyumbani mvua zinapoanza na pengine wakati wa mavuno. Watu walimcheka: almasi iko hapo mlangoni, yeye anakimbilia dhahabu mbali. Akawajibu kwamba mgodi wa karibu hauna faida, maana ndugu wote wanajua saa unayotoka kazini. Mimi nilibaki na binti yetu Ester na mama mkwe wangu, ambaye sote tulimwita Mayu, yaani mama kwa Kisukuma. Mayu hakuwa Mkristo. Alikuwa na mizimu yake, akiipa unga na maji asubuhi, nami nilikuwa na Bwana wangu, na tulikula chungu kimoja bila ugomvi, ila nilipoomba kabla ya kula yeye alisema ugali unapoa.

Mimi nilikuwa Mkristo wa kuonekana. Siku zile, kwetu, Mkristo hukungoja aseme, ulimtambua kwa macho: uwanja uliofagiwa, kichanja cha vyombo nje, gauni jeupe la Jumapili, pombe hakuna, ngoma hakuna, hirizi hakuna. Nilikuwa kiongozi wa akina mama. Nilikaa benchi la mbele upande wa wanawake, na nyimbo nilizianzisha mimi. Gauni langu nililianika mahali ambapo kuku hawapiti. Nilijipenda, siwezi kusema vingine. Kungekuwa na mashindano ya usafi wa Kikristo toka Songwa mpaka Kishapu, ningerudi nyumbani nikiswaga ng'ombe wa zawadi.

Mimba yangu ya pili ilifika mwisho wakati wa kuvuna pamba. Uchungu ulinianzia shambani, ukanikalia hata nikapoteza hesabu ya asubuhi na jioni. Mkunga alichoka, akaitwa mwingine, naye akachoka. Mtoto alitoka amekwisha kufa, mvulana, mzito, na nywele nyingi. Nilimlilia nikidhani huo ndio msiba wote. Kumbe msiba wa pili ulikuwa unakuja nyuma. Baada ya siku chache niliamka nimelowa. Nikasema ni jasho. Nikasema ni maziwa yaliyokosa wa kuyanyonya. Nilisema yote isipokuwa lile lililokuwa kweli, kwamba mkojo ulikuwa ukinitoka wenyewe, nikilala, nikikaa, nikisimama, bila kuniambia unakuja.

Mayu ndiye aliyejua kwanza. Alikuja kunitoa nje kuota jua, akaikunja ngozi niliyolalia, akaishika upande wenye maji, akaitazama. Aliiosha akaianika nyuma ya nyumba ambako wapita njia hawaoni, kisha akarudi na kapu la fifi, ile pamba ya madoa ambayo haipati bei, akaanza kuikunjia kwenye vipande vya kaniki. Tangu siku hiyo alinishonea na kunifulia. Wahenga walisema aibu ya maiti aijuaye mwosha. Mimi nilioshwa ningali hai, na mwosha wangu alikuwa mtu ambaye nilikuwa nikimwombea kila Jumapili aokoke.

Nilimwapisha asimwambie mtu, hata mwanawe. Alisema, "Ng'wana Luhende, mficha maradhi kifo humuumbua." Luhende ni baba yangu, na kwetu mwanamke huitwa mwana wa fulani hata akiwa mzee. Nikamwambia bora kifo. Akasonya, lakini akakubali.

Siku moja akaja na kifaranga mkononi. Nilijua mara moja ni cha nini. Kwetu mtu akiugua, anatema mate katika mdomo wa kifaranga, na ndugu yake anakipeleka kwa mfumu, mganga wa ramli, ambaye hukipasua na kusoma ndani yake ugonjwa umetumwa na nani. Mgonjwa hana haja ya kwenda. Anatoa mate tu, mambo mengine yanafanywa na ndugu. Mayu alinishikia kile kifaranga mbele ya mdomo, mlangoni pangu, mchana kweupe.

"Tema. Hutakwenda wewe, nitakwenda mimi. Huyo Yesu wako hataniona, hanijui."

Nilitamani kutema, usidhani sikutamani. Mdomo ulijaa. Lakini nilikuwa nimebatizwa kwa maji mengi mbele ya watu wengi, na ndani yangu kulikuwa na kitu kimoja ambacho bado hakijalowa. Nikameza. Mayu alisubiri mpaka mkono ukamchoka, akasema basi, atakipika. Akakipika kweli.

Jirani yetu alikuwa akipita na mtungi kichwani. Aliona kifaranga kimeelekezwa mdomoni mwangu. Hakungoja kuona mwisho.

Sasa nifike kanisani, maana huko ndiko ugonjwa wangu ulikonimaliza.

Kanisa letu lilikuwa la tofali za udongo, na mabenchi pia yalikuwa ya udongo, yamesiribwa vizuri. Udongo unanywa. Jumapili ya kwanza niliyorudi, nilikaa mahali pangu pa mbele, na kabla mwalimu wa kanisa hajamaliza kusoma nilihisi kitambaa kimeshindwa. Niliposimama kuanzisha wimbo, benchi lilikuwa na alama nyeusi ya maji, na mwanamke aliyekaa karibu yangu aliitazama, kisha akamvuta mtoto wake upande wa pili. Alivuta taratibu, kwa heshima. Heshima ile ilinichoma kuliko tusi. Nilianzisha wimbo kwa sauti ya juu mno, hakuna aliyeweza kuufuata.

Jumapili iliyofuata sikwenda mbele. Nilikwenda benchi la mwisho, la karibu na mlango.

Lazima nieleze benchi hilo. Lilikuwa la waliotengwa: aliyelewa, aliyeoa mke wa pili, aliyekwenda kwa mfumu. Walikaa hapo, hawakuimbisha wala kuomba kwa sauti, na Jumapili ya Meza ya Bwana walitoka nje kabla mkate haujamegwa. Hakuna mtu mwenye jina safi aliyewahi kukaa pale kwa kupenda. Mimi nilipapenda kwa sababu palikuwa na upepo, na kwa sababu ningeweza kutoka bila kupita mbele ya watu. Hiyo ndiyo sababu, dada yangu, hakuna nyingine. Niliona afadhali nihesabiwe mwenye dhambi kuliko nijulikane nanuka mkojo.

Mwenyeji wa benchi lile alikuwa Mzee Ng'wandu, mwenye wake wawili, aliyekaa pale miaka mingi hata nyimbo zote alizijua kuliko sisi wa mbele. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akasogea kunipa nafasi. Baada ya muda pua yake ikacheza. Nikataka ardhi inimeze. Yeye akatoa kichupa chake cha ugoro, akanusa, kisha akakiweka wazi katikati yetu, ugoro ukanuka mpaka mtu asijue harufu ipi inatoka wapi. "Kila aliyekaa hapa ana chake, mama," alisema. Kila Jumapili alikiweka hapo wazi, na hakuniuliza kitu.

Meza ya Bwana ilipofika, nilitoka nje pamoja nao. Tulisimama kwenye jua tukisikia wenzetu wakiimba ule wimbo wa kumega mkate. Mimi ndiye niliyewafundisha. Nilikuwa nimelowa mpaka kwenye visigino, nzi wananifuata, na nilijua kwa hakika kwamba Bwana mwenyewe angenivutia mtoto upande wa pili.

Mvua zilipoanza, Petro alirudi kutoka Geita. Nililala nyumba ya Mayu, nikisema niko katika siku zangu. Siku zangu zikapita mwezi. Nilifua tangu alfajiri, nilijifukiza kwa majani, na alipokaribia nilijifanya nina kazi. Tulikuwa tunapanda mtama alipoacha jembe akaniuliza, "Mama Ester, nimekukosea nini?"

Nikamwambia hakunikosea.

"Basi ni nani mwingine?"

Angenipiga ingekuwa nafuu. Alikuwa amesikia kwamba nakaa benchi la mlangoni, na ndugu zake walikuwa wamekwisha kumwambia mwanamke anayemkataa mumewe na kujitenga kanisani ana jambo, atafute mwingine wa kumpikia. Petro alikuwa mtu wa ndoa moja, aliapa hivyo mbele ya madhabahu, na akioa wa pili angekuja kukaa nasi na Mzee Ng'wandu. Niliyaona hayo yote. Neno moja tu lingemtoa kwenye shaka, na neno lenyewe lilikuwa mkojo. Sikuweza kulitamka mbele ya mwanamume aliyenioa kwa kunisikia nikiimba. Nikainama nikaendelea kufukia mbegu.

Wazee wa kanisa wakaniita. Mwalimu Zakaria ndiye aliyekuwa akituongoza, kwa kuwa mchungaji alifika mara chache tu kutoka misheni. Alikuwa mtu mpole na mwenye kushika sheria, aina ya mtu ambaye angemtenga mama yake mzazi huku akilia. Nilisimama mbele yao uwanjani kwake. Nilikataa kigoda.

"Mama Ester, kuna mtu aliyekutenga?" aliuliza.

"Hapana, mwalimu."

"Basi mbona unakaa pale?"

Nikanyamaza.

"Yupo aliyeona kifaranga mlangoni kwako. Mimi sipendi maneno ya watu. Sema mwenyewe, nitakuamini. Ulikitemea mate?"

Ilinipasa kusema hapana, na hapana ilikuwa kweli. Lakini niliona swali litakalofuata: kama hukutema, mbona unakaa pale? Na nilikuwa naanza kuhisi joto likishuka mguuni. Nikatazama chini, nikanyamaza tena. Kwetu anayenyamaza amekubali. Nilisikia wazee wakihema, Zakaria akasema kwa huzuni kwamba jina langu litasomwa Jumapili. Na unajua nilihisi nini? Nilihisi nafuu. Sasa benchi lile lilikuwa langu kwa haki, hakuna atakayeuliza tena. Nilipofika nyumbani ndipo nilipoelewa nimekubali nini, nikakaa kwenye majivu ya jikoni nikalia hadi Ester akaja kukaa nami.

Petro alimfuata mama yake. Akamwuliza kama ni kweli alinipeleka kwa mfumu. Mayu aliinuka akaenda kuwafungia kuku. Alingoja Jumapili.

Zakaria alikuwa amesimama mbele, amekwisha kulisema jina langu na kosa langu, niliposikia watu wakigeuka. Mayu alikuwa mlangoni. Hakuwahi kukanyaga kanisani maishani mwake. Alisema kwa Kisukuma, nami nayaandika kwa Kiswahili kadiri ninavyoweza.

"Mwalimu, mwenye kuku ni mimi. Mkamwana wangu hakutema mate. Nilimshikia hadi mkono ukafa ganzi, akakataa kwa ajili ya huyo Yesu wenu. Kuku tulimla, na paja alikula yeye. Hana hiyo dhambi mnayoitafuta. Anavuja mkojo tangu alipomzaa yule mtoto aliyekufa. Nafua mimi kila siku. Kama kuvuja ni dhambi, niwekeni na mimi hapo, maana mikono yangu inanuka hivyo hivyo."

Nilimchukia. Nitakudanganya nikisema nilishukuru. Kanisa zima, wanaume kwa wanawake, watoto niliowafundisha amri kumi, wote walinitazama, si usoni, walitazama gauni. Nilitaka kufa pale pale, na sikufa, nikavuja tu. Mzee Ng'wandu alikifungua kichupa chake cha ugoro. Zakaria alifunga kitabu, akafungua, akafunga, kisha akasema tuombe. Akaomba mvua. Ilikuwa imenyesha tangu asubuhi.

Nje Petro alinikuta nyuma ya kanisa. "Mbona hukuniambia?"

"Ungefanya nini?"

"Ningejua," alisema. Alikuwa analia, mtu anayeshuka chini ya ardhi kwa kamba bila kutikisika. Kesho yake hakurudi Geita. Alinipeleka hospitali ya misheni, upande wa Shinyanga.

Tulipanda lori lililobeba magunia. Dereva alinipa nafasi mbele, kwa kuwa ni mgonjwa, nikakataa. Nilipanda juu ya magunia nyuma, Petro akapanda nami. Njiani mvua ikatupiga mpaka maji yakatoka viatuni mwake. Nilishukuru moyoni. Kwa mara ya kwanza tangu kiangazi tulikuwa tumekaa bega kwa bega, wote wawili tumelowa.

Barazani hospitalini tulisubiri pamoja na wenye homa, wenye vidonda, na mtu mmoja aliyeumwa na nyoka ambaye aliwasalimia wote. Akatokea muuguzi, mama mnene mwenye sauti ya kuita ng'ombe, akapaza: "Wenye kuvuja, upande huu!"

Sikuinuka. Petro alinigusa kiwiko, sikuinuka. Ndipo nikaona mwanamke akisimama, na mwingine, kisha msichana mdogo anayeshikwa mkono na baba yake, na mwingine tena. Walisimama bila haraka wakakusanya vitambaa vyao. Nilikuwa nimedhani Usukuma nzima ni mimi peke yangu. Nikasimama. Kwenye kigogo nilichokalia nikaacha alama, na sikurudi kuifuta.

Katika wodi ile nililala karibu na Kabula, mwanamke wa Ushetu, mkulima wa tumbaku, ambaye mumewe alimleta akaenda kutafuta maji ya kunywa na hajarudi mpaka leo. Alinikaribisha akisema, "Humu ndani aliye mkavu ndiye anayeshangaza." Yeye ndiye aliyenifundisha kupaka samli mapajani kabla ya kulala, na kufua kitambaa kabla hakijakauka, si baada. Shika na wewe hayo mawili. Jioni tuliomba, kila mtu kwa zamu, na zamu ya Kabula ilipofika aliomba akiwa ameketi juu ya ndoo, sauti wazi, bila haya yoyote. Mimi, mama wa gauni jeupe, nilifumbua jicho. Baadaye nikamwuliza haoni vibaya kumsemesha Mungu katika hali hiyo.

"Kibofu aliumba nani?" alisema Kabula. "Atashangaa nini?"

Nilipasuliwa wakati mahindi yalipokuwa yanatoa mbelewele. Sitakueleza habari za kisu, sizijui, nilikuwa nimelala. Najua mpira wa mkojo, uliokaa ndani yangu hadi nikauzoea kama ndugu wa mbali asiyeaga, na yule muuguzi akinisukumia kikombe cha maji kila alipopita. Petro alirudi kazini. Mpira ulipotolewa nilipata asubuhi moja kavu. Nilitembea barazani nikiwa nimeshika sketi kwa mikono miwili, sithubutu kucheka. Adhuhuri nikahisi joto lile likishuka. Kabula aliniona uso, akanitandikia kitambaa, akakaa nami. Daktari alisema niende nyumbani, nipumzike, nirudi pamba ikishavunwa, wajaribu tena.

Walijaribu tena, na nikapona. Nilipoamka asubuhi baada ya mpira kutoka, shuka lilikuwa kavu, na siku ya pili kavu, na ya tatu, nami nililala macho kila usiku nikingoja kulowa. Sikulowa. Nayasema haya hapa kwa kifupi kwa sababu kupona ni kazi ya daktari na rehema ya Mungu, mimi sikufanya lolote. Ninalotaka kukuachia ni Jumapili moja iliyokuwa kabla ya hapo, kati ya kisu cha kwanza na cha pili, nilipokuwa bado navuja.

Nilikuwa nimerudi Songwa. Mchungaji alikuwa anakuja kwa ajili ya Meza ya Bwana, na Zakaria akafika nyumbani kwetu Jumamosi, amevua kofia.

"Jina lako lilisomwa," alisema. "Halifutiki mpaka usimame utubu mbele ya watu."

"Mayu alisema yaliyo kweli, mwalimu. Ulimsikia."

"Nilimsikia. Lakini Mayu si mshirika. Sheria inataka kinywa chako." Akateremsha sauti. "Neno moja tu, mama. Sema natubu. Sitakuuliza unatubu nini, wala mchungaji hatauliza. Tumalize, urudi mezani."

Alimaanisha wema. Alinifungulia njia ya kupita bila kutaja mwili wangu, na niliiona ni njia nzuri. Natubu, mkono wa ushirika, mkate, basi. Hata siku hiyo ningeweza kukaa nyuma na kuvuja kimya kimya kama mwenye dhambi aliyesamehewa. Zakaria alipoondoka, Mayu, aliyekuwa akipepeta ulezi, aliuliza, "Unatubu nini?" Usiku huo nilizitafuta dhambi zangu moja moja, na nilizo nazo ni nyingi, kiburi kikiwa mkubwa wao. Ile iliyosomwa haikuwemo.

Asubuhi nilivaa gauni jeupe. Sikuwa nimelivaa tangu mtoto afe. Kabla ya kuingia nilikwenda nyuma ya kanisa kubadili kitambaa, na hapakuwa na maji ya kunawa.

Waliotengwa walipoambiwa watoke, Zakaria aliniita mbele. Nikapita katikati ya mabenchi. Mchungaji alikuwa mzee mwembamba mwenye miwani, mgeni kwetu. Akaniuliza kwa upole, "Mama Ester, unatubu?"

Nilifungua kinywa kusema ndiyo. Wakati ule ule kitambaa kikashindwa. Nilihisi mkojo unashuka, goti, kisigino, na ukafika kwenye udongo wa sakafu, ukatua hapo mbele ya miguu ya mchungaji, na gauni likashika mwilini. Hakuna aliyekuwa nyuma yangu ambaye hakuona. Uso uliniwaka hadi masikio yakaziba.

"Hapana, mchungaji," nilisema.

Zakaria alishtuka. Mimi mwenyewe nilishtuka.

"Lile lililosomwa sikulitenda. Mimi naumwa. Mkojo unanitoka, mnauona. Walipouliza nilinyamaza kwa sababu ya aibu, na aibu bado ninayo, ninayo sasa hivi, sijui hata nisimame vipi. Lakini siwezi kuutubu ugonjwa. Nikila, nitakula hivi hivi nilivyo. Kama haifai kula hivi, niambieni, nitoke nje na wenzangu."

Walio mlangoni walikuwa wamesimama, hawajatoka. Mchungaji alimtazama Zakaria, Zakaria akatazama sakafu. Maji yale yalikuwa yanapoa miguuni, na mtoto mmoja mahali fulani aliuliza kwa sauti mama anafanya nini, akazibwa mdomo.

Mchungaji alifunua kitambaa kilichofunika sahani ya mkate, kabla ya wimbo, kabla ya maneno yoyote, akamega, akanyoosha mkono. Mkono wangu ulikuwa unanuka. Niliurudisha nyuma, nikaufuta kwenye gauni, na gauni lenyewe lilikuwa limelowa. Yeye hakuondoa mkono wake.

Nikapokea, nikala.